Kabla ya Kuwatisha, Waulize: Mwongozo Kamili wa Kuchunguza Hadhira ya Filamu ya Kutisha ya Wanafunzi

Filamu ya kwanza ya kutisha niliyoshiriki kuitengeneza nikiwa mwanafunzi hapa Nairobi ilikuwa ya dakika kumi na moja, na kiini chake kilikuwa jini la kike lenye kwato za punda, lile ambalo watu waliokulia Mombasa husimuliwa tangu utotoni. Tulitumia wiki mbili kutengeneza kwato hizo. Siku ya onyesho darasa lilijaa, taa zikazimwa, na kwato zilipochungulia chini ya buibui wanafunzi watatu waliotoka pwani walishtuka, huku wengine wakigeukiana kuulizana ni kitu gani hicho walichokuwa wakitazama. Kilichowanyamazisha wote, na kilichozungumzwa mlangoni walipokuwa wakitoka, ni picha ya sekunde ishirini ambayo tuliiweka ili kuunganisha sehemu mbili tu: msichana yuko peke yake ghorofa ya nne, ni usiku wa manane, mlinzi amekwisha kufunga geti la ploti, yaani jengo la vyumba vya kupanga, kisha geti linasikika likifunguliwa polepole. Hofu ya watazamaji wetu ilikuwa pale getini, nasi tungeliijua mapema laiti tungaliwauliza.

Tangu wakati huo nimewasaidia wanafunzi kadhaa kuchunguza hadhira zao kabla ya kuandika mswada, na hatua zinazofuata ni zile ambazo nimeziona zikifaa. Zinahitaji takriban wiki tatu, watu wawili au watatu walio tayari kutembea na kuzungumza na wageni, na fedha kidogo za nauli na bando.

Hatua ya kwanza: orodhesha maamuzi kabla ya maswali

Utafiti wa hadhira huharibika mapema pale kundi linapofungua fomu ya Google na kuanza kuandika maswali kadiri yanavyokuja kichwani. Chukua karatasi kwanza, uigawe safu mbili. Kushoto andika kila uamuzi ambao bado hamjaufikia: hofu itatoka kwa kiumbe, kwa binadamu au kwa mahali, wahusika watazungumza Kiswahili sanifu, Sheng, au lugha ya nyumbani, damu itaonekana au itadokezwa, filamu itakuwa ya dakika tano au kumi na tano, itatazamwa kwenye simu au ukumbini. Kulia andika ni jibu gani kutoka kwa watazamaji litakalowafanya mchague upande mmoja. Pale ambapo hakuna jibu lolote linaloweza kuwabadilisha, futeni swali.

Kundi moja lilikuwa limekwisha kupata nyumba ya kupigia picha, nyumba ya shangazi wa mmoja wao, na mswada ulitegemea nyumba hiyo kuanzia ukurasa wa kwanza. Hata hivyo hojaji yao ilikuwa na maswali manne kuhusu iwapo watu wangependelea hadithi ya msituni. Muda wa waliojibu maswali hayo ulipotea bure, na muda wa mtu aliyekubali kusimama kukusikiliza ni kitu cha kuheshimiwa.

Hatua ya pili: mjue mtazamaji hadi anakoishi

“Vijana wa Nairobi” si hadhira. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika kaunti hii, na miongoni mwao kuna anayetazama filamu kwenye kibanda cha video akiwa na watu thelathini, kuna anayelipia tikiti ya sinema katika jengo la maduka kwenye barabara ya Ngong, na kuna anayeitazama kwenye simu ndani ya matatu, sikio moja likiwa na kifaa cha kusikilizia na jingine likimsikiliza kondakta. Watatu hawa wanaweza kuwa na umri uleule na bado filamu moja isiwatishe kwa namna moja.

Andika sentensi moja inayomweleza mtazamaji wako kwa mambo manne: umri, anakoishi na namna anavyoishi, kifaa anachotazamia, na mtu anayetazama naye. Kwa mfano: “Mwanafunzi wa chuo wa miaka 18 hadi 24, anayeishi peke yake au na mwenzake mmoja katika chumba cha kupanga upande wa Roysambu, Zimmerman au Githurai, anayetazama filamu usiku kwenye simu akiwa kitandani.” Sentensi hiyo ikishaandikwa, mengi hujipanga yenyewe. Mtu wa namna hiyo anajua ngazi zisizo na taa, anajua sauti ya jirani kupitia ukutani, na skrini yake ina upana wa kiganja, kwa hiyo kivuli kidogo kilichofichwa pembeni mwa picha hatakiona.

Mwalimu atakayetoa alama na jaji wa tamasha ni hadhira nyingine. Waandikie ukurasa wao kando ukipenda, lakini usiwachanganye na watazamaji mnaotaka kuwatisha, kwa sababu mwalimu hutazama filamu ya mwanafunzi akiwa macho kabisa, taa zikiwa zinawaka na kalamu ikiwa mkononi.

Suala la umri lina uzito wa kisheria pia. Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini Kenya hupanga filamu katika madaraja manne: GE kwa watu wote, PG kwa watoto wakiwa na uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Amueni tangu mwanzo ni daraja lipi mnalolenga, kwani ni jambo la kusikitisha kuwahoji wanafunzi wa kidato cha pili kuhusu filamu ambayo hawataruhusiwa kuitazama. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data binafsi ya mtoto, yaani mtu aliye chini ya miaka 18. Kwa mradi wa kwanza, ushauri wangu ni kuwahoji watu wazima pekee.

Hatua ya tatu: watazame wakitazama

Kabla ya kumuuliza mtu yeyote lolote, nenda mahali hadhira yako inapotazama filamu, ukae nayo. Ukiwa unalenga watu wa vibanda vya video, mwombe mwenye kibanda ruhusa, lipa kiingilio kama wengine, ukae pembeni ambapo unaona nyuso badala ya skrini. Andika dakika ambayo watu walisogea mbele, dakika waliyoanza kuzungumza, na dakika waliyotoa simu mfukoni. Andika pia waliyosema, kwa maneno yao.

Jambo moja linalojitokeza haraka vibandani ni nafasi ya sauti ya dijei. Watazamaji wengi wa huko wamezoea filamu za kigeni zilizotafsiriwa na dijei anayesimulia, anayewapa wahusika majina mapya na kuonya kwamba fulani sasa amekwisha. Kwa mtu aliyelelewa na sauti hiyo, dakika tatu za ukimya ambazo wewe umezipanga kwa uangalifu zinaweza kumwelemea kwa hofu kuliko ulivyotarajia, au zikamfanya adhani kwamba spika zimeharibika. Hutajua ni lipi kati ya hayo mpaka ukae pale.

Kwa wanaotazama kwenye simu, waombe marafiki wawili au watatu watazame filamu fupi yoyote ya kutisha mbele yako. Utaona wengine wakipunguza sauti sehemu ya kutisha inapokaribia, na wengine wakisogeza filamu mbele kwa kidole. Kidole hicho ni jibu tosha kuhusu urefu wa utangulizi wako.

Hatua ya nne: mahojiano manane

Sasa zungumza ana kwa ana na watu wanane wanaolingana na ile sentensi yako, kila mmoja kwa dakika ishirini hivi. Mahojiano hutangulia hojaji kwa sababu moja: majibu ya kuchagua utakayoyaweka kwenye hojaji yanapaswa kutoka katika vinywa vya watazamaji. Ukiyatunga mwenyewe, utapata hofu zako mwenyewe zikirudi kwako zikiwa zimewekewa alama ya vyema.

Ukimuuliza mtu “Unaogopa nini?” atakujibu kile anachodhani watu huogopa: majini, wachawi, mapepo, nyoka. Wanaume wengi watasema hawaogopi chochote. Haya si majibu ya uongo, ila ni majibu ya heshima, yanayotolewa na mtu asiyekujua. Swali ambalo limenifaa miaka yote ni hili: “Nieleze mara ya mwisho ulipoogopa ukiwa nyumbani peke yako.” Kisha nyamaza. Akimaliza, rudi nyuma naye taratibu: Ilikuwa saa ngapi? Ulisikia nini kwanza? Mikono yako ilikuwa wapi? Ulimpigia nani simu, na kama hukumpigia mtu, kwa nini?

Mwanafunzi mmoja wa kike anayeishi Zimmerman alianza kwa kuniambia kwamba filamu za kutisha humchekesha. Nilipomuuliza kuhusu mara ya mwisho, alisimulia usiku ambao tokeni za stima ziliisha akiwa anapika, na alipokuwa akipapasa ukutani kutafuta simu akasikia mtu akibisha mlango mara mbili, polepole, kisha akiita jina lake. Sauti ilikuwa ya kike na ilifanana na ya jirani wa chumba cha pili, lakini jirani huyo alikuwa amesafiri kwenda kwao Kitui siku iliyotangulia. Hakufungua. Alikaa sakafuni, mgongo ukiwa mlangoni, jiko la gesi likiwaka bluu upande wa pili wa chumba, mpaka sufuria ikaanza kunuka kuungua. Asubuhi ilibainika kwamba jirani aliahirisha safari na alitaka kuomba kiberiti. Ndani ya simulizi hiyo mwelekezi anapata mwanga, sauti, mkao wa mwigizaji, harufu inayoweza kuonyeshwa kwa moshi, na sababu ya mhusika kutotoka mbio. Hakuna swali la kuchagua A, B au C ambalo lingaliyaleta hayo.

Ukimhoji mtu mzima kuliko wewe, kama vile mlinzi wa usiku au mama mwenye duka chini ya ghorofa, mwamkie vizuri kwanza, umwite mzee au mama, ueleze wewe ni nani na unasoma nini, na uende wakati ambao hana wateja. Walinzi wa usiku ni hazina. Wanajua sauti zote za jengo baada ya saa sita, na wanajua zipi huwaamsha wapangaji.

Zingatia pia mahali hadithi inapotoka. Nairobi ni mji wa watu waliotoka kila upande, na hofu husafiri nao ikibadilika njiani. Habari za watu wanaokimbia usiku na kurusha mawe juu ya mabati, ambao Waluo humwita mmoja wao jajuok, huweza kumnyima mtu usingizi kijijini, ilhali mezani Nairobi husimuliwa kama kichekesho. Hadithi ya aina hiyo ikitajwa na watu watatu kati ya wanane, sikiliza kama wanaisimulia wakicheka au wakipunguza sauti, na uiandike tofauti hiyo. Filamu nzima inaweza kusimama au kuanguka juu yake.

Hatua ya tano: kuandika hojaji

Hojaji nzuri ya filamu fupi ina maswali yasiyozidi kumi na mawili, inajibiwa kwa dakika tano kwenye simu, na haina zaidi ya maswali mawili ya kujieleza. Zaidi ya hapo watu huanza kubonyeza jibu la kwanza ili wamalize.

Uliza matendo. Swali “Je, unapenda filamu za kutisha?” halina faida kubwa, kwa sababu kupenda hakuna kipimo na hakuna anayetaka kumvunja moyo mwanafunzi aliyesimama mbele yake. Liandike hivi: “Katika miezi mitatu iliyopita, umetazama filamu ngapi za kutisha hadi mwisho?” na majibu yawe hakuna, moja, mbili au tatu, nne na zaidi. Maneno “hadi mwisho” ndiyo yenye kazi. Fuatisha: “Filamu ya mwisho uliyoiacha katikati, uliiacha kwa sababu gani?” Hapo weka sababu ulizozisikia kwenye mahojiano, pamoja na nafasi ya kuandika nyingine.

Usifunge maswali mawili katika moja. “Unapenda filamu zenye damu na mapepo?” haijibiki kwa mtu anayevumilia damu lakini akaona mapepo kuwa jambo la kanisani lisilochezewa. Usimwelekeze mtu kwenye jibu pia. Swali kama “Huoni kwamba filamu zetu hazitishi vya kutosha?” limekwisha kujijibu. Unapotumia kipimo cha 1 hadi 5, eleza ncha zote mbili kwa maneno, kwa mfano 1 ni “ningeendelea kula” na 5 ni “ningezima”. Nimeona watu wakijibu kwa urahisi zaidi wanapopewa tendo la kujipimia kuliko wanapoambiwa “hainitishi kabisa” na “inanitisha sana”.

Lugha ya hojaji iwe ile anayoitumia mtazamaji akizungumza kuhusu filamu. Watu wengi mtaani husema “muvi”, na hakuna ubaya wowote kuandika hivyo kwenye hojaji. Kuhusu Sheng, nakushauri uwe mwangalifu, kwa maana maneno yake hutofautiana kutoka mtaa hadi mtaa na huchakaa haraka. Neno linaloeleweka Kayole leo linaweza kumfanya mtu wa Kawangware akuone mshamba. Kiswahili chepesi kinafika kote.

Panga maswali kuanzia mapana hadi mahususi, na umri na mtaa viwe mwishoni. Usitaje hadithi yenu katika utangulizi. Ukisema “tunatengeneza filamu kuhusu ploti iliyolaaniwa”, kila jibu litakalofuata litakuwa na ploti ndani yake.

Kabila na dini usiviulize. Mambo hayo yanahesabiwa na sheria kuwa data nyeti, na mara nyingi unachotaka kujua ni kitu kingine, yaani mtu alisikia hadithi gani utotoni. Uliza moja kwa moja: “Ulikulia wapi zaidi kabla ya kufikisha miaka kumi na miwili?” na “Ni nani aliyekusimulia hadithi ya kutisha unayoikumbuka zaidi?”

Swali moja ningependa lisikosekane katika hojaji yoyote ya filamu ya kutisha hapa kwetu: “Je, kuna jambo ambalo likionyeshwa, utazima filamu au utatoka?” Miswada mingi ya wanafunzi hutokea katika mabweni, na mingi kati ya hiyo hufikia moto. Mwaka 2001 wanafunzi 67 waliteketea katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos. Septemba 2024 wavulana 21 walifariki katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Katika darasa la watu arobaini hapa Nairobi anaweza kukaa binamu wa mmoja wao, au mtu aliyeponea dirishani katika shule nyingine ambayo haikuingia magazetini. Mtu huyo akitoka nje ya ukumbi akilia, hujamtisha. Umemuumiza, na hakuna ustadi wowote ndani yake. Swali hili litakuambia mapema, nawe utakuwa bado na nafasi ya kuandika upya.

Juu ya hojaji weka utangulizi mfupi. Huu unatosha: “Sisi ni wanafunzi wa filamu na tunatayarisha filamu fupi. Maswali ni kumi na mawili na yatachukua dakika tano. Hatuulizi jina wala nambari ya simu. Unaweza kuruka swali lolote au kuacha wakati wowote. Majibu yatatumiwa kuandika filamu pekee, na yatafutwa ikikamilika.” Kisha utimize ahadi hiyo, hasa ya kufuta.

Hatua ya sita: wape kitu cha kusikia na cha kutabiri

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo wanafunzi wengi huiruka. Andikeni hadithi tatu tofauti, kila moja kwa sentensi mbili, urefu ukiwa sawa na lugha ikiwa sawa, ili isishinde iliyoandikwa vizuri zaidi. Nusu ya watu waanze na ya kwanza, nusu waanze na ya tatu, kwa kuwa kinachosomwa mwanzo hupendelewa.

Baada ya kila hadithi, usiishie kuuliza kama inavutia. Uliza: “Unafikiri nini kitatokea baadaye?” Wakitabiri mwisho wenu halisi, basi mnajua kwamba mwisho huo hautamshtua mtu. Wakitabiri kitu kingine, wote kwa pamoja na kwa uhakika, mmepewa zawadi, kwa sababu sasa mnajua macho yao yatakuwa yanatazama wapi na mnaweza kuleta hofu kutoka upande wa pili. Wakishindwa kutabiri lolote, huenda hadithi haijaeleweka. Majibu ya swali hili moja yamewahi kubadilisha miswada niliyoisimamia kuliko majibu mengine yote kwa jumla.

Fanya vivyo hivyo na sauti. Rekodi kwa simu sekunde thelathini za sauti mbili au tatu za kawaida, kama vile geti la chuma likisukumwa, maji yakidondoka kwenye mtungi wa plastiki ndani ya bafu, au kandambili zikipanda ngazi na kusimama. Mpe msikilizaji kifaa cha masikioni, usimwonyeshe picha yoyote, umuulize yuko wapi, ni saa ngapi, na nani mwingine yuko pale. Mtu aliyeishi ghorofani ataijua ghorofa kwa kandambili. Aliyekulia katika nyumba ya ua na bustani huenda asisikie chochote cha ajabu.

Hatua ya saba: ijaribu hojaji, kisha itoke

Mpe hojaji mtu mmoja mmoja, watu watano, ukiwa umeketi kando yake. Mwombe aseme kwa sauti anachofikiri anaposoma kila swali. Anaposita, swali lina kasoro; anapokuuliza “unamaanisha nini hapa?”, usimweleze, bali andika alichouliza na urekebishe baadaye. Pima muda.

Kuhusu idadi ya watu, hesabu inayonukuliwa mara nyingi ni kwamba jibu la sampuli ya watu 100 linaweza kukosea kwa takriban asilimia 10 juu au chini, na la watu 400 kwa asilimia 5. Hesabu hiyo ni sahihi pale tu watu wanapochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka katika hadhira nzima, na kiungo kilichotumwa kwenye vikundi vya WhatsApp vya darasa si bahati nasibu. Kitawafikia marafiki zako na marafiki zao, wengi wao wakiwa wanafunzi wa filamu, ambao ndio watazamaji wagumu kutisha kuliko wote. Afadhali majibu 50 yaliyopangwa vizuri: 20 kutoka mtaa mmoja, 20 kutoka mwingine, 10 kutoka chuo kisicho chenu, wanaume na wanawake wakikaribiana kwa idadi.

Foleni ya matatu jioni ni mahali pazuri pa kukusanya, maana watu wamesimama na hawana la kufanya. Ndani ya maktaba, chuo au jengo la maduka, ombeni ruhusa kwa wasimamizi kwanza. Nendeni wawili wawili na mwondoke kabla giza halijaingia. Beba simu yenye hojaji ili anayejibu asitumie bando lake, umpe simu aijaze mwenyewe, na usichungulie. Usilipe watu ili wajibu, kwa sababu anayelipwa hutafuta jibu la kukufurahisha. Wanaotaka kualikwa kwenye onyesho waandike nambari zao kwenye orodha ya kando, isiyounganishwa na majibu.

Hatua ya nane: kuyasoma majibu

Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha. Hesabu kwanza majibu yote kwa jumla, kisha yatenganishe kulingana na maamuzi yako: wanaotazama kwenye simu upande huu, wanaotazama pamoja na wengine upande ule.

Jihadhari na wastani. Tuseme watu 48 wameipima hadithi yako na wastani ni 3. Huenda wote wameipa 3, na hiyo ina maana kwamba haiwagusi. Huenda pia 24 wameipa 1 na 24 wameipa 5. Katika filamu ya kutisha ningechagua hadithi ya pili bila kusita, mradi nijue hao 24 wa alama 5 ni kina nani na kama wao ndio wale niliowaandikia ile sentensi ya hatua ya pili.

Majibu ya kujieleza yasome mara mbili, siku mbili tofauti, ukipaka rangi maneno yanayojirudia. Usiyasahihishe. Mtu akiandika kwamba aliogopa kwa sababu “soja alikuwa amelala”, neno soja, yaani mlinzi, libaki, kwa kuwa huenda likawa mazungumzo ya mhusika wako.

Hatua ya tisa: rudi kwenye mswada

Chukua ile karatasi ya safu mbili, uongeze safu ya tatu: tulichosikia, na tukio litakalobadilika. Kila uamuzi upate mstari mmoja. “Watu 31 kati ya 48 walitabiri kwamba anayebisha ni mzimu, kwa hiyo anayebisha atakuwa jirani halisi, na kitisho kitakuwa tayari kiko ndani ya chumba.” Mstari wa namna hiyo mwelekezi, mpigapicha na mtu wa sauti wote wanaweza kuufanyia kazi siku hiyohiyo. Maana ya hadithi, pamoja na yule mnayemhurumia ndani yake, ibaki mikononi mwa mwandishi. Watazamaji huweza kukuambia wanachoogopa, lakini hawawezi kukuandikia filamu, na kundi linalojaribu kumridhisha kila aliyejibu huishia na jini, mwizi, moto na laana katika dakika nane.

Kama mnakusudia kuionyesha hadharani, filamu ikikamilika itapelekwa kwa Bodi ya Uainishaji, kwa hiyo weka mlichokiamua kuhusu daraja mbele yenu mnapohariri.

Kabla ya hapo, waite watu watano au sita kutoka katika orodha ya kando, wasiojua hadithi, waitazame filamu ambayo haijakamilika kwa namna ileile wanavyotazama kawaida: simu kwa wa simu, chumba chenye giza kwa wa ukumbini. Keti kando ya skrini ukiwaelekea wao, saa mkononi, uandike sekunde ambayo kila mmoja aliacha kupepesa macho, sekunde aliyotazama pembeni, na sekunde aliyoshusha pumzi. Taa zikiwashwa, usiwaulize kama imewatisha. Waulize watakapofika nyumbani usiku huo, ni mlango upi wataukagua kwanza.